Legeza, Nyangeta

Kitaji, Musoma
Jumatatu, tumeshaanua dagaa

Mama yangu mpendwa, Mama Magige,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini, mgongo ukutani, mjukuu wako amelala mapajani na ameshika kanga yangu kama anaogopa nitatoroka. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Kikohozi cha mtoto kimeisha, na baba yake, Gody, alikuja juzi kutoka Buhemba, amejaa vumbi la mgodi mpaka kwenye kope lakini anacheka. Na wewe je? Goti linasemaje na hizi asubuhi za baridi? Ule mtama wa bondeni ndege wamekuachia kitu? Kaka Magige jicho lake limepona? Nauliza tu, najua simu yangu ukiona jina unakata. Sawa. Barua huwezi kuikata, mama. Utaiweka ndani ya Biblia, utazunguka zunguka uani, halafu utatafuta miwani.

Mimi mwenyewe sitazunguka. Ujumbe wako niliupata kwa Mzee Pastory wa kanisani. Alikuja mpaka mlangoni, kiti hakutaka, maji hakutaka, akasimama kama mtu anayesoma tangazo la kanisa. Akasema mama yako kasema, mpaka uache hayo mazoezi ya mashetani mtoto hatapewa jina, na Jumamosi usimlete Butiama. Kanisani mtoto ni Mary, hilo lipo. Lakini unajua wewe kuliko mimi, katika nyumba yetu mtoto asiye na jina la nyumbani ni kama mgeni aliyesahauliwa uani. Mimi langu alinipa bibi, akanilambisha uji wa ulezi kwa kidole huku ananitajia majina ya waliotangulia, mpaka lilipofika lile nililolinyonya. Mjukuu wako anangoja kidole chako. Watoto aliozaliwa nao hapa mtaani wakiitwa majina ya kwao wanageuka. Huyu namwita wewe, namwita bosi, namwita samaki furu mdogo, chochote kinachonijia mdomoni.

Ngoja, ameloa. Nambadilisha, narudi.

Nimerudi. Nilikuwa nimefika kwenye habari za Mzee Pastory. Alichokuambia najua, maana na mimi aliniambia, na mlangoni kwangu walikuwepo majirani. Eti alikuwa anapita kando ya ziwa alfajiri akatukuta wanawake tumetandika mikeka kwenye nyasi, tumeinua mikono kwa jua linalochomoza, halafu wote tukainama matako juu, samahani mama, ni neno lake, eti tunalisujudia jua. Ni kweli tuliinua mikono. Jua lilikuwepo kwa sababu ilikuwa asubuhi. Tungeinua mchana angesema tunasujudia bati. Na kama alichoona ni matako tu, basi sura za watu hakuziona. Likumbuke hilo, mama, nitalirudia.

Mguu wangu wa kushoto unaujua. Tangu nilipokuwaga mdogo, ukiuma, wewe ulikuwa na neno moja tu la kuniambia, hiyo ni kazi ya Ghati. Nikichelewa na ndoo ya maji, kazi ya Ghati. Nikishindwa kukunja miguu chini kama wasichana wenzangu, kazi ya Ghati. Ghati mke mdogo wa baba, aliyenivuta mguu nikiwa mchanga mpaka akanivunja nyonga, ukamfukuza kwa fimbo ya ng'ombe mpaka barabarani. Sura yake siikumbuki. Nimekua na jina lake ndani ya mfupa.

Sasa nilipojifungua huyu, mguu ulikataa kabisa. Kazi yangu ni kuinama, mama, dagaa hawageuki wenyewe kwenye nyavu. Nilikuwa nikiinama pale mwaloni ufukweni siinuki, wenzangu wananivuta kama mtumbwi uliokwama kwenye matope, wanacheka, na mimi nacheka ili nisilie. Mtoto mgongoni simudu. Nesi wa kliniki akanishika kiuno, akanituma nikapigwa picha. Daktari akaiinua kwenye dirisha, akasema mfupa huu haujawahi kuvunjika. Nikamwambia umevunjika, nilivunjwa nikiwa mtoto. Akasema basi uliambiwa hivyo, mwanangu, lakini nyonga hii ulizaliwa nayo imekaza, inataka kunyooshwa, haitaki vidonge. Ile picha niliiweka chini ya godoro. Sikukuambia. Nilisema moyoni mashine yao imezeeka.

Nesi ndiye alinipeleka kwa mwalimu Jeska. Ni mtu wa Bunda, alichezaga mpira wa wavu akaharibika goti, na waliomtibu kwa yoga na karate ndio waliomfundisha mpaka akawa mwalimu. Jumapili anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, Mzee Pastory akitaka akamsikilize. Nilimuuliza waziwazi, mwalimu, hii ni dini? Akaniambia mama Mary, ukitaka kusali sali, ukitaka kupumua pumua, mimi ninachotaka ni goti lako liwe mbele ya kidole chako hapo.

Tunaanza kwa kupumua. Halafu paka na ng'ombe. Unapiga magoti na viganja chini, unaukunja mgongo juu kama paka aliyemwagiwa maji, halafu unaushusha kama ng'ombe aliyeshiba. Dada mmoja anayefanya kazi ofisini akauliza ng'ombe anafanyaje mgongo wake, weee, tulicheka mpaka mwalimu akatukemea, mtu wa Mara anauliza ng'ombe anafanyaje! Kuna na mkao wa mtoto, unakalia visigino, paji la uso chini. Pale mimi nasali Baba Yetu. Mkao huo mwanzoni nililia, mama, si kwa maumivu. Tangu nijifungue hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nilaze kichwa.

Baada ya hapo ndiyo karate. Usifikiri tulianza kupigana. Tulianza kuanguka. Kila siku kuanguka, kwa ubavu, kwa mgongo, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Mwalimu anasema anayeogopa kuanguka anakaza mwili, na mwili uliokaza ndio unaovunjika. Gody aliposikia alicheka mpaka akakohoa, eti sasa akichelewa kurudi atabisha hodi amevaa kofia yake ngumu ya mgodini. Lakini asubuhi moja aliniona nimeinama nimechukua ndoo kubwa ya maji, nimeinuka nayo. Akaenda kuchota nyingine.

Mwishoni tunanyooshana wawili wawili. Mnakaa mnatazamana, nyayo kwa nyayo, mnashikana mikono, mmoja anavuta taratibu mwingine anaachia. Huwezi kunyooshwa na mtu usiyemwamini. Akili itasema ndiyo, msuli utasema hapana, na mwenye kusikilizwa ni msuli. Mimi mwalimu alinipa mama mmoja mtu mzima anaitwa Tereza, anauza samaki, sato na ningu, pale pale mwaloni, bega lake lilikuwa halipandi. Nywele nyeupe, anacheka mdomo umefungwa. Siku ya kwanza alinishika mguu akaniambia, binti, umekauka kuliko dagaa wa juzi. Nikamjibu yeye bega lake linalia kama mlango wa zizi. Tukapendana hapo hapo.

Mikono ya huyo mama, sijui nikuelezeje. Wengine wakininyoosha wanavuta. Yeye anaweka kiganja chini ya goti, kingine juu ya nyonga, anasubiri. Anasubiri mpaka wewe mwenyewe unachoka kukaza. Nikiwa napiga mateke yeye anamshika mtoto, na mtoto, unajua alivyo mchungu na wageni, kwake ananyamaza. Nilikuwa namtania kwamba nitampeleka Butiama ufahamiane naye. Alikuwa anafunga mdomo, anacheka ule mcheko wake, anaangalia ziwa.

Sasa tunafika Bunda. Tulienda kwa mtihani wa mkanda wa karate, walikuwepo na wa Mwanza, uwanja umejaa vumbi jekundu na watoto wa shule wanazomea kila anayeanguka. Mimi nilikuwa na hofu. Mtihani wangu ulikuwa teke la pembeni kwa mguu wa kushoto, na nyonga ilikuwa imefunga kwa sababu ya kukaa garini na mtoto. Nikalala chali pembeni ya uwanja. Tereza akapiga magoti, kiganja chini ya goti, kingine juu ya nyonga, akasubiri. Nilikuwa nimefumba macho. Halafu nikamsikia, si kwamba ananiambia mimi, ni kama mtu anayeongea na mguu. Legeza, Nyangeta. Legeza.

Mama. Musoma yote hakuna anayelijua jina hilo. Gody ananiita Jenipher. Mwaloni mimi ni Mama Mary. Nyangeta ni jina la nyumba yetu, la midomo yenu tu.

Nikafumbua macho. Naye akajua limemtoka. Akaondoa mikono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Ndiye, mama. Ni Ghati. Tereza ni jina lake la ubatizo, na ndiyo sura ambayo Mzee Pastory hakuiona.

Hapo hapo wakaniita uwanjani. Nikainuka. Mguu ulipanda, hilo najua, kwa sababu watoto waliokuwa wanazomea walinyamaza. Mengine siyajui. Nilipewa mkanda wa njano nikausukumia kwenye mfuko wa nepi za mtoto, na mpaka leo sijaufunga kiunoni.

Tulikaa kwenye kibaraza cha duka moja karibu na stendi tukingoja wenzetu, mtoto katikati yetu. Nilimwambia aseme, na asiongeze chumvi. Akasema nilizaliwa mguu wa kushoto umejikunja, unalijua hilo mama, na mimi hukuwahi kuniambia. Kwa kina Ghati, ndama akizaliwa amekunja miguu hawamchinji. Asubuhi na jioni mtu anakaa naye zizini, anaukanda mguu, anaukunjua taratibu, anaushikilia, anauachia, mpaka siku ndama anasimama. Bibi yake alimfundisha hivyo angali msichana. Aliponiona mimi aliona ndama. Ukienda kisimani, alikuwa ananichukua kwenye mkeka ananikunjua mguu, na mimi nalia, maana hata ndama analia. Siku moja ulisahau kata ya kuchotea, ukarudi mapema, ukamkuta.

Wewe ulitoka ziwani, mama. Kwenu Majita walikufundisha nyavu na mitumbwi, ndama walikufundisha lini? Ulimwona mke mwenzako amemvuta mtoto wako mguu na mtoto anapiga kelele. Ungefikiri nini kingine?

Na hayo si maneno yangu, ni yake. Alisema angekuwa yeye angeshika fimbo ile ile. Alisema alikosea kumshika mtoto wa mke mkubwa bila kuomba, akaona akiomba utakataa, basi akajificha, na mwenye kujificha hata akifanya jema linafanana na uchawi. Baba alikuwa mnadani na ng'ombe. Aliporudi akakuta mke mmoja, hakuuliza. Marehemu Mungu amrehemu, alipenda ukimya akauita amani.

Nilimuuliza alinijua lini. Akasema siku ya kwanza, kwa mikono, kabla ya macho. Akanyamaza kwa sababu aliogopa nikijua nitakaza tena.

Mama, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunijua huku mimi simjui. Nilikukasirikia wewe, na nilijiona vibaya kukukasirikia. Tangu siku ile situlii. Nageuza dagaa waliokwisha geuzwa. Nawasha jiko nasahau kuteleka. Hata barua hii nimeinuka sijui mara ngapi, nafika mlangoni, narudi. Jirani yangu Flora kaniuliza kama nasubiri mgeni. Ile picha ya mfupa nimeitoa chini ya godoro nimeitazama mpaka nimeizoea. Haina ufa. Nyonga yangu nzima, iliyoitwa mbovu miaka yote.

Sasa bado neno moja, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mjukuu wako mguu wake wa kushoto ni kama wangu. Uliona mlipokuja kumwangalia mchanga, ulimfunika haraka na kanga, nilikuona. Nesi ameukagua, kasema unyooshwe kila siku angali laini, akanionyesha namna, tena atamwona kila mwezi. Ni namna ile ile, mama, ya ndama. Mimi najaribu. Lakini akilia mikono yangu inaogopa, naacha katikati, na nesi kasema kuacha katikati hakusaidii. Mikono ya Ghati haiogopi. Yeye ndiye anayemnyoosha kila asubuhi kabla sijaenda kwenye dagaa. Hakuniomba. Nilimpa mimi, baada ya Bunda, nikijua ni nani. Nilimtandikia mkeka nikamwekea mtoto mbele yake, halafu nikakaa pale nikaangalia mpaka mwisho. Mtoto alilia. Sikuinuka.

Kwa hiyo mazoezi siachi, mama. Nakuambia kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi, siachi. Si kwa sababu nakudharau. Nikiacha mimi, nyonga inafunga, na siwezi kumbeba huyu. Akiachwa yeye, atakuwa anachelewa na ndoo kama mimi, na sisi tutatafuta jina la mtu wa kumlaumu. Sitaki akue na jina la mtu ndani ya mfupa.

Jumamosi nakuja. Najua ulichosema, nakuja hivyo hivyo. Nakuja na mtoto, na Ghati atakuwa pamoja nami. Yeye hataki, anasema ile barabara anaijua kwa kukimbia tu. Nimemwambia safari hii tutatembea. Hatutaingia ndani bila kukaribishwa. Tutakaa pale kwenye mawe ya zizi, nitatandika mkeka, na saa yake ya kunyooshwa ikifika Ghati atamnyoosha hapo hapo, mbele yako, bila kujificha safari hii. Mtoto atalia. Nakuomba usishike kitu. Njoo uchuchumae karibu, kama goti litakubali, likikataa Magige akuletee kigoda. Weka mkono wako juu ya mkono wake. Ndilo ninaloliomba, mama, sina jingine. Uweke mkono juu ya wake uone nguvu anayoitumia. Ni ndogo kuliko ya kufunga kanga.

Halafu ukiona bado anamvunja, sema, nitamchukua mtoto wangu tutarudi Musoma na sitakusumbua tena habari za jina. Lakini mama, ukikoroga uji asubuhi hiyo, koroga na wa ulezi kidogo, uweke kando. Wakati mtu anawaza huku na huku mkono unaweza kuwa umeshaamua.

Mwambie Magige barua hii asome ukishamaliza wewe, si kabla. Msalimie mke wake, na wote wa boma. Mzee Pastory naye msalimie, mwambie asubuhi akipita tena kando ya ziwa asituogope, aegeshe baiskeli, mgongo wake nimeuona ulivyokaza, tunao mkeka wa ziada. Gody anakusalimu, kasema atakuletea ile chai unayoipenda mwisho wa mwezi. Mjukuu wako ameamka sasa hivi, anaila ncha ya karatasi hii, usishangae ukikuta imelowa. Ndiyo salamu yake, jina la kuandika hapo bado hana.

Ubaki na Mungu, mama, mpaka tuonane Jumamosi kwenye mawe ya zizi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Nyangeta